Damu ya Kulinganisha

Msichana alikuwa anasugua shavu lake kwenye shuka katikati ya soko, watu wanampita na mizigo, wala hana habari nao.

"Dada, shuka ni la kulalia, si la kubusu," alisema muuzaji.

"Natafuta laini. Hili linakwaruza."

"Linakwaruza wapi? Lete hilo shavu nilipime."

"Pima la kwako, lina uwanja mkubwa."

Wauza viatu wa pembeni wakaangua kicheko. Muuzaji mwenyewe walimwita Pamba, kwa mashuka yake na kwa kupenda kuvaa; siku hiyo shati jeupe, limenyooka mpaka kola. Akainama chini ya meza, akatoa shuka alilojifichia mwenyewe.

"Hili je? Unamnunulia nani?"

"Mama. Ngozi inatoka malengelenge, yakipasuka inabaki nyama. Kila shuka linamnasa."

Alisema kavu, hatafuti huruma ya mtu. Alikuwa msusi, vidole vinanukia mafuta ya nywele, ila kichwa chake mwenyewe kakifunga kitambaa cha njano, maana muda wa kujisuka hana. Pamba akaandika namba yake kwenye mfuko.

"Likikwaruza, nipigie."

"Na lisipokwaruza?"

"Hapo ndiyo upige kabisa."

Akapiga. Wakapigiana mpaka simu zikawachoma masikio. Mpenzi, dia, umekula? Bado. Kwa nini? Nakuwaza. Muongo wewe. Hivyo tu, miezi mitatu.

Siku moja Pamba akawasindikiza kliniki, msusi na mama yake. Daktari wa ngozi alikuwa anafanya utafiti, anachukua damu ya ndugu wa wagonjwa, na ya watu wasio ndugu, ya kulinganisha.

"Ugonjwa huu hauambukizi," alieleza. "Kinga ya mwili inachanganyikiwa, inapiga ngozi yake yenyewe. Kuna vinasaba vinavyoongeza hatari. Lakini kuwa navyo si kuugua. Wengi wanavyo na wanazeeka salama."

Pamba alikuwa anachezea simu. Msusi alipotolewa damu yake, naye akanyoosha mkono. "Chukua ya kwangu, dokta. Ya mfano hii, haina doa."

Wote wakacheka, hata mama mgonjwa, na kucheka kulimuumiza midomo.

Halafu Pamba akampeleka msusi kwao, kumtambulisha.

"Karibu, mwanangu," alisema mama yake Pamba. "Mama hajambo?"

Msusi hajui kudanganya. Akaeleza yote. Mama yake Pamba akaingia jikoni, akakawia. Chai ilipokuja, wote walipewa vikombe vya udongo. Msusi alipewa cha plastiki, kimefungwa uzi mweusi mpinini kisije kikachanganyika na vingine. Pamba alikiona. Akakoroga sukari yake.

Kesho yake akapiga simu.

"Mama anasema ugonjwa uko kwenye damu yenu."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nataka watoto wazima. Siwezi kuzaa watoto wa kubanduka kama rangi ya ukuta."

"Pamba, daktari alisema..."

"Dokta haoi."

Akakata. Neno lile lilimkolea, akalirudia kwa wauza viatu, wakagonga mikono.

Miezi miwili ikapita, kliniki ikamwita Pamba kuchukua majibu. Alitoka na karatasi mkononi, shati limemganda mgongoni. Akapitia sokoni, akachomoa shuka lake bora, akaenda moja kwa moja saluni. Msusi alikuwa anamsuka mteja. Mama yake kakaa pembeni, kajitanda lile shuka la kwanza.

"Nimekosa, mpenzi," alisema Pamba mlangoni. "Nimekuja kukuoa."

Vidole havikusimama.

"Majibu yako yametoka?"

"Yametoka."

"Yangu pia. Mimi sina. Wewe?"

Pamba akatazama nywele zilizozagaa sakafuni. "Ninavyo. Lakini daktari anasema kuwa navyo si..."

"Dokta haoi, Pamba. Si ulisema? Mama yako anajua?"

"Bado."

"Mpigie, weka sauti kubwa. Akinibariki, nakukubali leo hii."

Macho ya Pamba yakawaka. Akapiga.

"Shikamoo, mama. Ni mimi, msusi. Nauliza: vikikutwa vile vinasaba kwenye damu, ndoa ipo?"

"Unauliza nini, binti? Mwenye uchafu huo akae kwao, aoze peke yake! Asiniharibie ukoo!"

"Ahsante, mama. Vimekutwa kwa mwanao. Mimi sina."

Mteja akaacha kutafuna bigijii. Kwenye simu, kitu kama sufuria kilianguka.

"Na vinarithiwa," msusi akaongeza taratibu. "Sasa tafuteni wenyewe, ni vyako au vya baba yake."

"Mwanangu, inatosha," alisema mama yake kutoka kwenye shuka.

Simu ikakatwa. Pamba akaitia mfukoni.

"Ungekuja kabla ya karatasi," msusi alimwambia, "ningekuchukua na malengelenge yako yote."

"Bado nakupenda."

"Hata mimi. Ndiyo maana nakwambia toka, kabla sijalainika. Shuka liache. La mama limechakaa."

Pamba alifika kwao jua bado kali. Mama yake alikuwa dirishani, kakunja mikono ya gauni mpaka mabegani, anakagua ngozi yake kidogo kidogo, akibonyeza kila kipele. Hakugeuka.

Mezani, mahali pa Pamba, chai ilikuwa tayari. Kikombe cha plastiki, uzi mweusi mpinini.

Pamba akakaa. Akakoroga sukari.