Kikofia cha Kadi ya Sauti

Kila Ijumaa akitoka shule, binti wa fundi alipitia karakana ya baba yake, akatua mkoba na kukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Baba aliwasha ile kompyuta kuukuu, nzito kama jiwe la kusagia, wakamsikiliza mama. Mama alikuwa amefariki miaka minne iliyopita. Siku moja enzi za uhai wake, akijaribu maikrofoni ya kompyuta hiyo, alijirekodi akimtania mumewe. Sauti yake nyingine haikubaki popote duniani.

Ijumaa moja mama alisema, "Fundi wangu," lakini hakuendelea. Alirudia tu, "Fundi wangu, fundi wangu, fundi wangu," mpaka kompyuta ikaganda kabisa.

Baba aligeuka. "Mwanangu, umeigusa hii?"

"Mimi? Hapana, baba."

Ama kweli ulimi hauna mfupa! Jana yake, baba alipokwenda kununua vipuri, binti alikuwa ameifungua apanguse vumbi, amfurahishe mzee wake. Kitambaa kiling'oa kikofia cha plastiki, kidogo kama punje ya mchele, kwenye kadi ya sauti, kile kibao cha ndani kinachoipa kompyuta sauti. Alikichomeka tena pale kilipokubali kuingia, akafunga, akajisemea yamekwisha. Kumbe ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza.

Baba alimwamini. Alisafisha miguu ya kadi kwa kifutio, akabadilisha nyaya, akapima umeme. Wateja walipobisha aliwaambia, "Njooni kesho." Kile kikofia tu hakukitazama, maana alikiweka mwenyewe zamani, na bintiye alishasema hakugusa kitu.

Binti aliumia kimyakimya. Chakula cha baba kilipoa mezani kila siku, naye kila siku alijiambia atasema kesho. Kesho ilipofika, kosa lilikuwa limekua zaidi.

Siku ya tisa baba alizima mashine. "Sauti yenyewe imeharibika," alisema. "Kesho nampa mnunuzi wa vyuma chakavu. Siwezi kukaa na maiti mezani." Kisha yule baba, ambaye hakuna mteja aliyewahi kumshinda kwa utani, alifunika uso kwa mikono yake na kulia kwa kwikwi.

"Baba, ni mimi!" binti alipiga ukelele. "Niliifungua nipanguse vumbi. Kikofia kikachomoka, nikakirudisha ovyo. Nilikudanganya!"

Baba hakumgombeza. Afadhali angemgombeza! Alivaa miwani, akafungua mashine, akamulika tochi.

"Njoo uone," alisema. "Kila kadi ina namba yake ya kuupigia hodi ubongo wa kompyuta. Kikofia hiki ndicho kinachoichagua. Ya sauti ni tano. Wewe umeiweka saba, na saba ni ya kadi ya printa. Zote mbili zinapiga hodi kwa namba moja, na ubongo haujui nani anaita."

Alikirudisha kikofia kwa koleo ndogo, wakawasha.

"Fundi wangu," mama alisema, "chai imepoa mara ya pili. Njoo unywe kabla sijaimwaga!" Halafu akacheka. Ilikuwa sekunde kumi na moja tu. Binti alijitupa kifuani pa baba, wakalia wote wawili.

"Nisamehe, baba."

"Nimekusamehe, mama. Lakini sikiliza. Kikofia ni kosa la dakika moja, na ningelirekebisha kwa dakika moja. Ulipolificha, nikamzika mama yako upya siku tisa mfululizo. Wahenga walisema, mficha maradhi, kifo humuumbua. Kosa liseme likiwa bado bichi, hata kama mdomo unatetemeka."

Binti aliitikia kwa kichwa, machozi yakimdondoka.

Baba alimkabidhi bisibisi. "Haya, funga wewe," alisema. "Na ukikosea, niambie."