Nukta ya Mzani

SAA 3:10 ASUBUHI. Chumba cha nyuma ya bucha, Rustenburg, kilinuka matumbo ya ng'ombe. Molefi, mkuu wa genge, alikuwa akitafuna magwinya, maandazi ya kukaanga, mafuta yakimchuruzika kidevuni. Tshenolo, mtaalamu wa kompyuta mgodini, alitazama pembeni.

"Rudia," Molefi alisema.

"Lori likizidi uzito wa kwenye karatasi kwa kilo 2.500, mzani wa lango la mgodi unapiga king'ora. Mbili na nusu. Programu niliiandika mimi. Nabadili alama: koma itenge desimali, nukta itenge maelfu. Mashine itasoma elfu mbili na mia tano."

Vusumuzi, dereva, alicheka. "Kinukta tu, dada?"

"Kinukta tu."

Kilo themanini za platinamu zilikuwa tayari zimefichwa chini ya sakafu ya lori lake, lililoegeshwa ndani ya mgodi.

SAA 4:35. Ofisini mgodini, Tshenolo alibadili mstari mmoja. Namba zikageuka kwenye kioo chote cha kompyuta. Ndipo, kwenye orodha, akaiona lifti ya wachimbaji. Kikomo: tani 6.500. Nayo ilisoma kwa kanuni ileile. Sasa kikomo chake kilikuwa tani elfu sita na mia tano.

Akampigia Molefi.

"Lifti haitakataa mzigo. Leo wanashuka na mitambo. Niwaambie wasimame?"

"Wakisimama watakagua mashine. Thubutu!"

"Watakufa, Molefi."

"Watu wapo tele." Alikuwa bado anatafuna. "Lori litoke kwanza."

Tshenolo alikata simu. Ujanja ule alikuwa ameuuza mwenyewe, tena kwa kujisifu.

SAA 4:48. Akampigia Vusumuzi. "Geuza lori."

"Nimebanwa mbele na nyuma. Nakanyaga mzani sasa hivi. Kuna nini?"

"Narudisha nukta."

"Dada, nina watoto."

"Na wa kwenye lifti wanao."

Akabonyeza. King'ora kikalia. Kwenye kamera Vusumuzi aliruka chini, akakimbia hatua sita. Risasi ya mlinzi ikampata pajani. Kwenye kioo kingine taa nyekundu iliwaka: MZIGO UMEZIDI. Wachimbaji wakaanza kutoka kwenye lifti, wakilaani.

Tshenolo akatapika kwenye ndoo ya taka. Buti zikakaribia. Akafuta mdomo kwa kiganja, akawafungulia walinzi mlango.

"Programu ni yangu," alisema. "Molefi yuko nyuma ya bucha."