Mgeni wa Kiti cha Amauri

Mchana wa Jumanne mkate wa mfalme ulikutwa umemegwa, na mfalme mwenyewe alikuwa maiti.

Si panya. Panya hamegi mkate kwa vidole. Mzee Gotier, msimamizi wa meza ya mfalme tangu ujanani, aliufunika kwa kitambaa, akainama sikioni mwa Malkia Ermengarda.

"Malkia wangu, kuna mtu amekula."

"Watumishi wana njaa, mzee. Nyamaza."

Alimnyamazisha kwa kuwa aliihitaji meza ile iendelee. Kwao, mfalme akifa, sanamu yake ya nta huvishwa taji na kuketishwa mezani, ikaandaliwa chakula kila mchana kama mtu aliye hai, mpaka siku ya mazishi. Maadamu sanamu inaandaliwa, mfalme huhesabiwa bado anatawala, na hakuna wa kukigusa kiti chake. Ilikuwa desturi ya siku chache tu. Ermengarda aliivuta hadi wiki ya tano, kwa sababu alikuwa na mimba kubwa, na akijifungua mtoto wa kiume kiti ni chake. Mazishi yakitangulia, kiti ni cha Odo, mdogo wa marehemu Mfalme Amauri. Kasri zima, kuanzia kanisani hadi jikoni, lilikuwa likiomba mtoto wa kiume.

Basi kila mchana Gotier alisimama mbele ya sanamu, fimbo nyeupe mkononi, akaita mara tatu: "Karibu mezani, bwana wangu." Lakini ukibisha hodi kila siku kwenye nyumba tupu, usishangae ukiitikiwa.

Divai ikaanza kupungua kikombeni. Ikafuata harufu, ya nta iliyoungua na udongo wa kaburi. Kisha siku moja, mapadri walipopumzika katikati ya wimbo, watu wote ukumbini wakasikia kitu kikitafuna polepole, kwa raha zake, na hakuna aliyethubutu kuinua macho.

Odo peke yake ndiye aliyecheka. "Shemeji, kaka anakula kuliko alipokuwa hai. Umemtunza kweli. Na huyo wa tumboni, naye anakula?"

Ilikuwa kejeli tu, lakini ilimchoma Ermengarda. Chumbani alimwita Perrine, mkunga aliyemlea, akamshika mkono na kuuweka tumboni.

"Hajacheza tangu lini?" Perrine alinong'ona.

"Mwanzoni alikuwa ananyamaza wakati wa chakula cha sanamu tu. Wakiondoa sahani, anaanza tena."

"Na leo?"

"Sahani zimeondolewa zamani, na bado."

Padri Fulko aliitwa kwa siri. Alikuwa mnene na mwoga, na alizungumza huku akitazama mlango.

"Ni jini, mwanangu. Nimelirushia maji ya baraka, limeyalamba. Siwezi kumfukuza mgeni aliyekaribishwa. Mwenye nyumba amemwita, mwenye nyumba amwambie atoke."

"Nifanyeje?"

"Vunja fimbo, utangaze kwamba mfalme amekufa." Akautazama tena mlango. "Ila ukifanya hivyo, Odo atakaa kitini kabla supu haijapoa."

Ermengarda alilia kwa hasira. Alimchukia Odo, akamchukia Amauri kwa kufa mapema, akajichukia mwenyewe kwa kulilisha jini uhai wa mtoto wake kwa ajili ya taji.

Kesho yake aliingia ukumbini wakati Gotier akiita mara ya tatu, na alipokuwa akitembea baina ya wakuu waliopiga magoti aliona sanamu ikigeuza shingo, polepole, nta ikipasuka kidogo chini ya sikio, ikimfuata si usoni bali tumboni, na harufu ikawa nzito hata mishumaa ikafifia, na bado akaenda, akaipokonya fimbo mikononi mwa mzee, akaivunja kwa goti.

"Amauri amekufa," alisema. "Nilimkaribisha mume wangu, sikukukaribisha wewe. Toka kwenye kiti hiki."

Kisha midomo ya nta ikaachana.

"Kiti ni cha nani?"

Kila mtu alirudi nyuma isipokuwa Odo. Huyo alikuwa amelingoja swali hilo maisha yake yote, akalisikia swali bila kumwangalia muulizaji.

"Changu," alisema. "Mimi ndiye mwenyewe."

Sanamu ikalegea, ikaporomoka chini. Papo hapo mtoto alimpiga Ermengarda teke kali hata akashika meza, na furaha ikamjaa kifuani mpaka akasahau alichopoteza. Alipoinua uso, Odo alikuwa ameshakaa. Gotier alifanya kama desturi inavyotaka kwa mfalme mpya: "Karibu mezani, bwana wangu."

Hakuna sahani iliyokuwa imefika, lakini taya za Odo zilikuwa tayari zikitafuna.

"Kaa tule, shemeji," alisema, macho yake yakiwa tumboni mwa Ermengarda. "Mtoto nitamtunza mimi."

Waliondoka saa ileile, wanawake wawili juu ya gari la nyasi kavu, kuelekea kwa masista ng'ambo ya mto. Perrine aliuweka mkono wake tumboni, akatabasamu kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

"Anacheza, mwanangu. Mateke haya ni ya dume, ya mfalme kabisa."

"Usiseme hivyo, mama," Ermengarda alisema, akajifunika shuka, akaanza kumwomba Mungu ampe binti.