Jirani na Adui wa Kwenye Filamu

Jumamosi jioni, fundi cherehani na mumewe walikwenda kutazama filamu iliyokuwa gumzo la mji mzima. Ukumbi ulijaa pomoni. Katika filamu hiyo, wageni kutoka ng'ambo ya mpaka walijifanya wakimbizi, kumbe walikuwa wameficha mabomu. Shujaa akawamaliza wote. Watu walipiga makofi, na fundi naye akapiga.

Asubuhi jirani yao alibisha hodi. Alikuwa mchomeleaji vyuma, naye alitoka ng'ambo ya mpaka. Alileta suruali itiwe kiraka. Fundi alipomwona, moyo ulimlipuka.

"Leo sishoni," alisema, akafunga mlango.

Kisha akabaki ameduwaa. Mtu huyu ndiye aliyemchomelea kanyagio la cherehani lilipokatika. Mbona leo anamwogopa?

Mchana alikuja wifi yake, ambaye kazi yake ni kutia sauti za Kiswahili katika filamu za kigeni. Fundi akamweleza.

"Wifi, sijielewi. Najua ni filamu tu, lakini mwili umegoma kujua."

"Shujaa ana watoto?" wifi aliuliza.

"Wawili. Mdogo anaogopa giza."

"Na wale wageni?"

Fundi alifikiri. "Hata majina sikuyasikia."

"Walipotokea, muziki ulikuwaje?"

"Wa kutisha."

"Basi uliwaogopa kabla hawajafanya lolote. Mtengenezaji ndiye aliyechagua hivyo. Hiyo ni siasa, wifi. Inasema kila mgeni ni hatari, na mwenye bunduki asiulizwe. Haiji kama hotuba, ndiyo maana inaingia bila hodi."

"Kwa hiyo nisitazame tena?"

"Tazama, ufurahi. Ila jiulize: nani ameonyeshwa kama mtu, na nani amenyimwa utu? Nikiamini haya, nani atafaidika? Halafu linganisha na watu unaowajua."

"Lakini yule shujaa bado nampenda," fundi alisema kwa aibu.

"Mpende. Kumpenda si kumwamini kwa kila kitu."

Fundi alivuka ua, kichwa bado kikimzunguka. Mchomeleaji alikuwa amekaa mlangoni kwake.

"Jirani, nilikufungia mlango kwa sababu ya filamu. Niwie radhi."

"Nami niliitazama jana," alisema mchomeleaji. "Nilikaa nyuma. Mlipopiga makofi, sikujua mikono yangu niiweke wapi."

Mchomeleaji akamsogezea kiti. Wakaisimulia filamu ile upya, kila mmoja kama alivyoiona, mpaka suruali ikasahauliwa.