Umesoma na Nani?

Ofisi ya maji ilikuwa imefurika siku hiyo. Foleni ilianzia dirishani, ikajikunja, ikatokea hadi mlangoni, na kila mtu alikuwa na bili mkononi na hasira kifuani. Mmoja tu hakuwa na hasira. Alikuwa kijana mrefu, shati la kijivu, bisibisi ikichungulia mfukoni, na alikuwa amezama katika kitabu kinene chenye picha ya joka juu ya mnara.

Alipotaka kufunua ukurasa, sauti ya kike ikamjia nyuma ya bega.

"Ngoja kwanza, sijamaliza."

Akageuka. Aliyesema alikuwa msichana mwenye gauni la buluu na kola nyeupe iliyosimama vizuri. Futi ya kupimia nguo ilining'inia shingoni mwake, amesahau kuivua.

"Dada, unasoma kitabu changu?"

"Kitabu ni chako. Mimi nasoma ukurasa tu."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu malkia alipotoroka. Na nina neno na huyo malkia. Ametembea msituni miezi na miezi na gauni la hariri, hata pindo halijafumuka! Aliyeandika hajashika sindano maishani mwake."

Kijana akacheka mpaka mzee wa mbele yao akageuka kumtazama.

"Mimi shida yangu ni joka," akasema. "Natengeneza mafriji. Kitu kikitoa baridi mbele, nyuma kinatoa joto. Sasa huyu anapuliza barafu, na watu wamempanda mgongoni wanaimba. Wangeshaiva!"

Walicheka, wakabishana, wakasoma. Watu watatu wakawapita kwenye foleni wasione. Mpaka wanafika dirishani, kijana alikwishajua kwamba yule msichana ana kibanda cha cherehani nyuma ya soko na wateja wanamwita Fundi tu, naye msichana alikwishajua kwamba kijana huyo mtaani wanamwita Barafu.

"Barafu gani," Fundi akamwambia wakiagana, "na umenichekea hivyo?"

Tangu hapo, jioni kazi zikiisha, Barafu alikuja kibandani na kuketi kwenye benchi la wateja. Walisoma pamoja, bega kwa bega, na shangazi yake Fundi, aliyemlea tangu mdogo, akikaa pembeni kushona vifungo na kuwalinda kwa jicho lake moja zima. Masharti yalikuwa mepesi. Kitabu kinakaa kwenye droo ya cherehani, na hakuna anayekigusa mwenzake asipokuwepo.

Joka likaisha. Wakaanza kitabu cha nyota. Ndani yake msichana amelazwa katika sanduku la barafu, ndani ya chombo kinachosafiri angani miaka mingi mno, na mchumba wake amebaki macho akikiendesha, anazeeka peke yake.

"Miaka yote hiyo," shangazi akasema, "na sijasikia mtu amefua shuka. Mungu awasamehe."

Mapenzi yalikolea. Barafu akasema mjomba wake atakuja Jumapili kuzungumza na shangazi mambo ya ndoa. Fundi akajikatia kitambaa cha manjano, akaanza kujishonea gauni la siku hiyo huku akijiimbia.

Tatizo lilikuwa simu. Barafu alikuwa kwenye kundi la wasomaji wa vitabu vya namna ile, wanaotumiana maoni kwa ujumbe wa sauti. Humo mlikuwa na mkunga mmoja wa zahanati, mwenye sauti laini, ya taratibu, kama anayembembeleza mtoto.

"Malkia amejifungua pacha vitani," sauti ilisema siku moja, "kwa sentensi moja! Mwandishi huyo aje zamu yangu, nimpe kiti akae aone." Barafu akacheka. Kisha akairudisha, akasikiliza tena.

Fundi akasimamisha cherehani. "Mara ya kwanza hukuelewa?"

"Nimeelewa, mpenzi. Ni mcheshi tu."

"Mimi sichekeshi?"

"Unachekesha sana."

"Mbona mimi hunirudishi?"

Barafu akamvuta kidole kwa utani, yakaisha. Lakini kwa Fundi hayakuisha. Alikuwa akipiga pasi, ile sauti inamjia. Akisali, inamjia, mpaka akaanza sala upya.

Alhamisi walifika mahali sanduku la barafu linaanza kuvuja. Fundi machozi yakamlengalenga, maana alimpenda yule msichana kama mdogo wake.

"Usilie, kipenzi," Barafu akamwambia polepole. "Ataamka."

Fundi akainua uso. "Umejuaje?"

Shangazi akaacha sindano.

"Nimekisia."

"Hujakisia. Umesema kama mtu aliyeona. Kitabu kiko kwenye droo yangu. Umesoma wapi?" Akamkazia macho. "Umesoma na nani?"

Barafu akakiri. "Mkunga aliniazima chake. Alikileta karakana kwangu."

"Alikuja karakana?"

"Mara moja tu. Tukawa tunasoma, tunatumiana maoni. Maoni tu, Fundi. Naapa."

"Mwanamume akila kwa jirani nitamwelewa, alikuwa na njaa. Wewe ulikuwa na njaa gani? Kila jioni hapa ulikuwa unajifanya kushtuka, na sehemu hizo umeshazisoma na mwingine! Toka."

"Fundi wangu..."

"Toka kabla sijakupima shingo."

Barafu alipiga simu asubuhi, akapiga mchana, hakupokelewa. Siku hiyo Fundi alishona mkono wa shati la mteja ndani nje. Akafumua, akaurudia, ukatoka vilevile.

"Mwambie mjomba wake asije," akamwambia shangazi.

"Nitamwambia ukishamwona huyo mwanamke," shangazi akajibu bila kuinua kichwa. "Usivunje ndoa kwa sababu ya sauti. Ikiwa ni ya kuvunjwa, ivunje kwa macho."

Kundi lile lilikuwa na mkutano Jumamosi alasiri, ghorofani juu ya duka la vifaa vya shule. Fundi alimalizia pindo, akavaa gauni la manjano, akajifunga kilemba, akapanda ngazi. Moyoni alikuwa akimwomba Mungu mkunga awe mtu mzima, mwenye wajukuu.

Mkunga alikuwa kijana na mzuri. Gauni jeupe lisilo na mkunjo, ngozi inang'aa, pete hana. Barafu alikuwa ameketi safu ya nyuma, kainamisha kichwa. Alipomwona Fundi alinyanyuka nusu, akaketi tena.

"Kwa maoni yangu," mkunga alikuwa akisema, "yule mchumba ni mjinga. Kuzeeka unamtazama mtu aliyelala! Angetafuta wa kuzungumza naye."

Watu wakacheka. Fundi akainua mkono.

"Mimi sijafika mwisho," akasema. "Nilikatishwa. Ila huyo msichana alilala akiwa ameaga, na mchumba wake alijua anamsubiri nani. Wapo wachumba ambao hawajalala, wako macho kabisa, wanasubiriwa kwenye benchi kila jioni, nao wanatafuta wa kuzungumza naye. Kitabu cha hao ndicho ningependa kukisoma."

Mkunga akamtazama Fundi, kisha akageuka kumtazama Barafu, na uso wake ukabadilika.

"Kaka, una mchumba?"

Barafu akasimama. "Ninaye. Ndiye huyu."

"Wiki zote hizi hukusema."

"Sikusema."

"Kwa nini?" Waliuliza wote wawili kwa pamoja, wakatazamana.

Barafu akafuta jasho usoni. "Kwa sababu wewe, Mkunga, ulikuwa unaniambia nina akili. Nikapenda kusifiwa. Fundi hanisifu. Fundi kila tukibishana ananishinda, nikataka niwe mbele yake mara moja tu. Nimekosa. Nimewakosea wote wawili."

Mkunga akakusanya mkoba wake taratibu. Alipofika alipo Fundi akasimama.

"Dada, ningejua nisingemwazima hata kalamu. Nilikuwa nimeanza kumfikiria." Sauti ile laini ilikatika kidogo. "Gauni lako limekukaa vizuri."

"Asante, dada yangu," Fundi akasema, na akashangaa kuona kwamba anamwonea huruma.

Fundi akashuka ngazi, Barafu akamfuata mpaka chini barabarani. Pikipiki zilikuwa zinapita, yeye akipaza sauti kuzishinda kelele zake.

"Nitukane, lakini usininyamazie. Nakutaka uwe mke wangu. Mjomba aje kesho au asije?"

"Aje."

"Kweli, kipenzi?"

"Aje yeye kwanza, shangazi amuulize maswali yake. Wewe utaitwa ukihitajika. Na mimi sitakuwa nakusifu ovyo, nakwambia mapema. Siku ukisema la maana, utasifiwa."

"Nimekubali."

"Na zile sauti zake kwenye simu, zifute."

"Zote?" Barafu akauliza, na papo hapo akajua kwamba hakutakiwa kuuliza.

"Ulitaka kubakiza ipi?"

Akatoa simu haraka. Fundi akasimama palepale juani, mkono kiunoni, gauni la manjano likipepea, akimwangalia kidole mpaka sauti ya mwisho ilipofutika. Ndipo akampa mkoba wake aubebe.