Meneja wa Mashine ya Kaka

Kila Jumamosi saa kumi jioni, mama akiwa bado kwenye cherehani, simu ililia, na kila mtu nyumbani alijua ni nani. Kaka alipiga kutoka mji alikofanyia kazi, mwendo wa siku nzima kwa basi. Kwanza alizungumza na mama habari za afya, za wateja na za paa la jikoni lililokuwa likivuja. Kisha alisema, "Mama, nipe Meneja."

Meneja alikuwa mdogo wake, msichana wa miaka kumi na miwili. Jina hilo alilipata asubuhi ile kaka alipoondoka. Kaka alimshika mkono akampeleka kwenye pembe ya sebule ilipokaa kompyuta yake, kasha kubwa jeusi lenye ubavu wa kioo na feni zinazowaka taa za buluu. Hakuinunua dukani ikiwa nzima. Aliiunda mwenyewe kipande kwa kipande kwa miaka mitatu alipokuwa chuoni, kwa ajili ya gemu. Enzi hizo vijana wa mtaa walijazana sebuleni kumtazama akicheza, na mama alilazimika kuwaruka miguu ili afike kwenye kabati la vyombo.

"Nakuachia cheo," kaka alimwambia. "Kila wiki uifute vumbi, uiwashe nusu saa, na usiweke kitu chochote juu yake." Mdogo wake akaitikia kwa moyo mkunjufu.

Wiki tatu za kwanza alifanya kama alivyoagizwa. Wiki ya nne kulikuwa na mitihani. Wiki ya tano alisahau, na kaka alipouliza, "Ripoti, Meneja?" mdomo ulitangulia akili. Akajibu kwamba ameifuta, ameiwasha, na iko salama salimini. Kaka akacheka kwa furaha. Uongo ule haukumkwama kooni, na wa wiki iliyofuata ulipita kwa wepesi zaidi. Hivyo hivyo ukapita mwaka mzima.

Kompyuta ikageuka meza. Madaftari yaliwekwa juu yake, mfuko wa vitambaa vya mama ukafuata, na majira ya mvua yalipofika, sare za shule zilizogoma kukauka nje zikaanikwa papo hapo. Vumbi liliufunika ubavu wa kioo hadi mtu angeweza kuandika jina lake kwa kidole. Meneja aliwahi kuliandika lake.

Siku moja simu ililia Jumanne, na mama aliposikia habari kutoka upande wa pili, mkasi ulimponyoka. Kaka alikuwa mchoraji wa ramani za majengo. Alikuwa amepanda jukwaa la mafundi kupima ukuta, ubao ukateleza, akaanguka. Mguu ulikuwa umevunjika mahali pawili, na daktari alisema ungechukua miezi mitatu kupona. Angekuja kuuguzwa nyumbani.

Jumamosi iliyofuata kaka mwenyewe alipiga, na sauti yake ilikuwa nyepesi. Alikuwa amehofia kazi itampotea, lakini mkuu wake wa ofisi amekubali achorie nyumbani, mradi aanze tarehe moja.

"Nimemwambia nina mashine yenye nguvu kuliko zote za pale ofisini," alisema. "Nikamwambia tena ina meneja anayeitunza kila wiki."

"Sawa, kaka," Meneja alisema. Simu ilimwia nzito kama jiwe.

Mama alipotoka kwenda kwa mteja, Meneja aliondoa vitu vyote juu ya kasha, akafuta kioo, akabonyeza kitufe. Feni zilikoroma, harufu ya vumbi linaloungua ikajaa sebuleni, kisha taa za buluu zikazimika. Alibonyeza tena. Safari hii feni zilizunguka kwa kelele, lakini skrini ilibaki nyeusi tii.

Jumatatu shuleni alimsimulia jirani yake wa dawati, ambaye wote walimwita Kasuku kwa wingi wa maneno. Kasuku hakuona tatizo kubwa. Alimshauri aseme umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu kupita kiasi, ukaiunguza. Mambo hayo hutokea kila siku, na hakuna wa kubisha. Meneja aliona kweli uongo huo umekaa vizuri. Njia nzima ya kurudi nyumbani alijizoeza kuusema.

Kaka aliletwa Alhamisi kwa gari la ofisi. Alikuwa amekonda, mguu umefungwa plasta hadi gotini, na vidole vilivyochungulia mwishoni mwa plasta vilikuwa vimevimba. Mama alikuwa amemtandikia kitanda, lakini yeye aliomba kwanza kiti kando ya mashine yake. Aliwasha tochi ya simu, akamulika ndani kupitia kioo, akaona vumbi lililolala juu ya kila kitu.

"Meneja," alisema hatimaye, "imekuwaje hii?"

Habari ya umeme ilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi. Lakini Meneja aliviangalia vile vidole vilivyovimba, na ulimi ukagoma.

"Sikuitunza, kaka. Tangu wiki ya nne. Kila Jumamosi nilikuwa nakudanganya."

Cherehani ya mama ilinyamaza. Kaka hakufoka, na Meneja angeona afadhali afokewe. Kaka aliomba tu asaidiwe kwenda kulala. Baadaye, akipita na ndoo ya maji mlangoni, Meneja alimsikia akimwambia mama, "Si mashine inayoniuma, Mama. Nilichukua neno lake nikampa mkuu wangu kana kwamba ni langu."

Kesho yake Meneja aliporudi kutoka shule alimkuta kaka barazani, mguu juu ya kigoda, bisibisi mkononi.

"Tuna siku kumi," kaka alisema. "Mimi siwezi kuinama wala kupiga magoti. Kwa hiyo mimi ni macho, wewe ni mikono. Upo tayari?"

Alikuwa tayari kuliko alivyowahi kuwa tayari kwa jambo lolote.

Walianza kwa kuchomoa nyaya zote. Kaka alimfundisha kushika kwanza chuma kitupu cha kasha kabla ya kugusa kitu ndani, kwa sababu mwili wa mtu hubeba umeme mdogo unaoweza kuua vifaa. Alimwonyesha kisanduku cha kugawia umeme na kumwambia hicho hakifunguliwi kamwe, hata waya ukiwa umechomolewa, maana umeme hubaki humo. Vingine vyote walivitoa kimoja kimoja na kuvipanga juu ya shuka safi. Meneja alisugua kwa brashi laini ya rangi, akizuia mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke ovyo. Vumbi lilitoka mafungu kwa mafungu kama pamba ya mto uliochanika, na ndani yake mayai ya mende. Alipiga chafya mpaka mama akamletea kitambaa cha kufunga pua.

Kadi ya picha, ile inayopeleka picha kwenye skrini, ilikuwa na meno madogo ya shaba upande mmoja. Yalikuwa yameota ukijani. Kaka alishangaa maji yameingilia wapi. Meneja hakungoja aulizwe mara ya pili. Alieleza habari ya sare zilizoanikwa. Kaka alitikisa kichwa, kisha akamtuma alete kifutio chake cha shule. Meneja alisugua taratibu mpaka meno yakang'aa kama mapya, na kwa mara ya kwanza tangu arudi kaka alicheka.

"Kumbe kifutio chako kina kazi," alisema. "Nilidhani kwenye hesabu hukosei."

Kwa siku tatu kazi ilikwenda vizuri. Kilichobaki ni prosesa, kile kibamba kidogo ambacho ndicho ubongo wa mashine. Juu yake palikuwa na kipoza joto kizito cha chuma, na kati ya hivyo viwili krimu maalumu ya kupitisha joto. Kaka alionya kwamba krimu ile ikizeeka huwa kama gundi. Kipoza lazima kipashwe joto kwanza, kisha kizungushwe polepole kushoto na kulia. Hiyo wangeifanya pamoja, akisharudi kutoka kupimwa mguu hospitalini.

Siku ya hospitali Meneja alitoka shule akakuta nyumba tupu. Alikitazama kile kipoza. Aliwaza jinsi kaka atakavyofurahi akikuta kimeshatoka, na pengine deni la mwaka mzima lingepungua kidogo. Alifungua skrubu nne, akakivuta juu. Hakikutoka. Akajikaza, akavuta kwa nguvu zake zote.

Kilitoka ghafla, na prosesa ikatoka nacho ikiwa imeng'ang'ania chini yake, ikabanduka, ikaanguka kwenye sakafu ya saruji.

Aliiokota kwa ncha za vidole. Upande wa chini ulikuwa na mamia ya pini za rangi ya dhahabu, nyembamba kama nywele, zilizosimama kwa safu. Kwenye pembe moja zilikuwa zimelala kama nyasi zilizokanyagwa.

Nyumba ilikuwa kimya. Angeweza kuirudisha mahali pake na kufunga skrubu. Mashine isingewaka, na kaka angesema ni yale maji ya mvua. Lile kosa lilikuwa limeshaungamwa, lingebeba na hili. Wazo hilo lilimjia likiwa kamili, halina hata mshono. Meneja alilitazama, akaliogopa. Akaiweka prosesa juu ya kitambaa ndani ya kisahani, akaketi kizingitini kungoja.

Teksi ilipowashusha kaka na mama, Meneja hakumpa kaka nafasi hata ya kushika vizuri magongo yake.

"Kaka, nimeiharibu. Leo hii, kwa haraka zangu. Nilivuta bila kuzungusha."

Kaka aliketi, akamulika kile kisahani kwa tochi. "Pini nane," alisema. Alijaribu kuinyoosha moja, lakini dawa za maumivu zilimtetemesha mkono, akaacha. Alimpigia simu fundi wa kompyuta aliyemfahamu. Jibu lilikuwa kwamba prosesa ya aina hiyo ni ya kuagizwa, na huchukua wiki tatu. Tarehe moja ilikuwa Jumatatu inayofuata.

Mama alikuwa amesimama nyuma yao, mkoba bado begani. Siku zote alisema habari za kompyuta hazimhusu. Sasa alivaa miwani yake akainamia kisahani.

"Hizi zinatakiwa zisimame kama zile nyingine?"

"Ndiyo, Mama. Lakini ikikatika moja tu, basi tena."

"Miaka kumi na tisa natia shanga kwenye magauni ya maharusi," mama alisema. "Hebu nipeni nafasi."

Alinawa mikono akaikausha, akachagua sindano nyembamba kuliko zote, akaketi penye mwanga wa dirisha. Kaka alimkumbusha ashike chuma kwanza. Meneja alishika tochi na kuambiwa asipumulie kazi ya watu. Mama aliiingiza sindano chini ya pini ya kwanza akainyanyua kidogo sana, akapumzika, akainyanyua tena. Ilipita saa nzima na ushei. Alipomaliza ya nane, kaka alipitisha ukingo wa kitambulisho chake kati ya safu. Ulipita bila kukwama popote.

"Mama," alisema, "tungekuajiri ofisini."

"Mshahara wangu hamuuwezi," mama alijibu, na wote watatu wakacheka, zaidi kwa kushusha pumzi.

Prosesa ilikaa mahali pake yenyewe, bila kusukumwa. Meneja alipaka krimu mpya, tone dogo kama punje ya dengu, akafunga kipoza skrubu kwa skrubu huku kaka akimwelekeza. Kisha kaka alifungua begi lake akatoa vifurushi viwili. Ndani mlikuwa na kumbukumbu ya ziada, kibamba cha kuiongezea mashine kasi, na diski mpya nyembamba isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Alikuwa amevinunua tangu miezi sita iliyopita, akingoja likizo aje aiongezee nguvu mashine yake. Meneja alivipokea bila kuinua macho. Aliisukuma kumbukumbu mpaka vibanio vikalia pande zote mbili, akaifunga diski, akarudisha ubavu wa kioo.

Akabonyeza kitufe. Feni zilizunguka kwa sauti ya mnong'ono. Skrini ilibaki nyeusi kwa muda ambao Meneja aliuona kama wiki nzima, kisha maandishi meupe yakatokea. Kaka alifumba macho, akayafumbua, akasema, "Haya."

Siku mbili zilizofuata alizitumia kuweka programu zake. Jumatatu, tarehe moja, saa tatu asubuhi, alituma mchoro wa kwanza, na mchana mkuu wake akajibu kwamba umefika na kazi iendelee.

Jioni Meneja alimkuta mama akikunja gauni la mteja, akakaa karibu naye. Alisema jambo lililomsumbua: kwamba angesema kweli ile wiki ya tano, ingekuwa kazi ya kitambaa na dakika tano.

"Kusahau hakukuwa kosa kubwa, mwanangu," mama alisema. "Hata mimi niliweka mfuko wangu pale juu, na sikuuliza. Lakini ulipomwambia iko salama, aliacha kuwaza. Mtu anayekuamini hakukagui, ndiyo maana ya kuamini. Basi anayeaminiwa ndiye anayepaswa kujikagua mwenyewe." Alilinyoosha pindo la gauni kwa kiganja. "Na siku ile ulipotungoja mlangoni, ulituletea habari mbaya, lakini ilikuwa ya kweli. Ndiyo sababu tuliweza kuitengeneza. Pini iliyofichwa nani angeinyoosha?"

Kutoka pembe ya sebule kaka, bila kugeuka, alimwita Meneja. Kwenye skrini palisimama jengo zima la ghorofa tatu, likizunguka polepole ili lionekane pande zote. Kaka aliyaondoa magongo yake kwenye kigoda cha pili, akayalaza chini, akamwambia aketi, amwonyeshe jinsi ukuta unavyochorwa.