Kompyuta ya Marehemu Yohana

Jua lilikuwa linazama nyuma ya milima Mwanvita aliposhuka kwenye bodaboda huko juu Mgeta, begi la vifaa vya ufundi wa kompyuta begani. Mwalimu Josephina, mjane wa Yohana, alikuwa amempigia simu asubuhi. Kompyuta ya marehemu inazubaa kila jioni, na mitihani ya wanafunzi imo humo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pita." Mwalimu akafunga mlango, akashusha sauti. "Shemeji yangu Raphael anasema ina mkono wa mtu. Anataka tuichome moto."

Mwanvita haamini mambo hayo. Akaiwasha, akafungua mipangilio ya umeme. Ilikuwa kwenye kuokoa betri. Akaiweka kwenye nguvu kamili, lakini prosesa, ubongo wa mashine, bado ilijikokota kwa kasi ya chini kabisa. Akaikagua chaja. Pini ya kati ilikuwa imepinda, na kompyuta isipoitambua chaja yake, hujipunguzia kasi. Akachomeka ya kwake. Kasi ikapanda, feni ikavuma.

"Umeona, mama? Ni chaja tu."

Mwalimu alikuwa anautazama mlango.

Nje, kandambili zilikuwa zinaburuzwa... taratibu...

Feni ikanyamaza.

Mwanvita akaangalia kioo cha kompyuta. Kasi ilikuwa inashuka, inashuka, mpaka chini kabisa. Chaja ipo. Joto la kuipunguza kasi hakuna. Mlango ukafunguka, ikatangulia harufu ya udongo mbichi, kisha akaingia mwanamume mrefu.

"Imepona?" Raphael akanong'ona.

"Bado, kaka," Mwanvita akajibu, asijue kwa nini anadanganya.

Raphael akawatazama kwa zamu. Kisha akatoka. Kandambili zilipofifia, feni ikavuma tena.

Labda ni waya. Labda ni umeme wa huku. Mwanvita alijiambia hivyo.

"Yohana alipolazwa," Mwalimu akasema polepole, "walimfunga mashine ya mapigo ya moyo. Raphael akiingia, namba zinashuka. Akitoka, zinapanda. Nesi alibadilisha waya, wapi."

"Ikawaje?"

"Jioni moja Raphael akaniambia nikapumzike. Atakaa yeye."

Mwanvita akaifunga kompyuta. "Mama, twende wote mjini. Sasa hivi."

Walitokea mlango wa jikoni. Kesho yake Mwalimu akaenda kwa dada yake Dumila, na huko kompyuta ikafanya kazi bila kikwazo chochote. Mwanvita akaanza kusahau.

Mpaka Jumapili iliyopita. Mwalimu alipiga simu, sauti ndogo, kama ya mtu aliyelala.

"Mwanangu, siku hizi naishiwa nguvu. Daktari anasema mapigo yangu yako chini. Ila asubuhi naamka mzima kabisa."

"Inakuanza saa ngapi, mama?"

"Jioni..."

Mwanvita akakaa chini. "Hapo nyumbani mnaishi wangapi?"

"Mimi na dada. Na mpangaji wa chumba cha uani, amehamia juzijuzi. Hata sijawahi kumwona sura. Huwa anarudi giza likianza kuingia."